Akina Mama wa Herufi ya M

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa kaptula ya shule na viatu vya kuazima, nikasimama mbele ya Postamasta wa Newala. Uhuru ulikuwa mchanga, na bendera mpya pale bomani ilikuwa bado haijapauka. Postamasta alikuwa mtu wa Tanga, mnene, mwenye sauti nyembamba kuliko mwili wake. Alinitazama kuanzia miguuni.

"Kwenu wapi?"

"Makote, bwana."

"Watu wa Makote nawajua kwa korosho. Betri unazijua?"

"Nitazijua, bwana."

"Sema nitajifunza. Wa kabla yako alisema nitazijua, akajimwagia asidi suruali ikabaki mkanda."

Nilijifunza. Haukupita muda nikawa ndiye ninayezitunza betri zote za simu ya upepo na ya waya pale posta, na Postamasta akawa anawaambia wageni, "Huyu Mmakonde ana masikio kwenye vidole." Nayaeleza haya si kwa kujisifu bure. Vijana wa leo wanaonisoma wanadhani ufundi wa mawasiliano umeletwa juzi na watu wa mjini. Mimi nimetoka kwenye shamba la korosho, baba yangu hakujua kusoma, na nimefika mbali kuliko wote tuliokaa dawati moja.

Nilihamishiwa Mtwara, chini ya Mkaguzi wa Mitambo. Huko nilikutana na teleprinta, yaani taipureta inayopokea maneno kwa waya na kuyachapa yenyewe. Mkaguzi alinifundisha jambo ambalo ndilo msingi wa kazi yangu yote: mashine mbili haziwezi kuongea mpaka zikubaliane mambo manne. Mwendo wa kutuma. Idadi ya alama zinazounda herufi moja. Alama ya ziada ya kukagua kama herufi imefika nzima. Na alama ya kuonyesha kwamba herufi imekwisha. Likikosewa moja tu, anayetuma anasema "njoo," anayepokea anachapa takataka.

Miaka ile ya vita vya ukombozi Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, kwetu Newala watu walikuwa wakisikia mizinga wakiwa wanakula. Baadaye nikawa Masasi, fundi wa redio za serikali ya wilaya, wakati wa kuhamia vijiji vya Ujamaa. Nyumba ya mama yangu iling'olewa makuti, akapelekwa barabarani pamoja na wenzake, na mimi ndiye niliyekuwa nikihakikisha redio inafanya kazi ili taarifa za kuhama zifike. Nilizijaza betri, nikaendelea. Nilikuwa mtumishi.

Kisha nikachaguliwa kwenda Ujerumani Mashariki. Kutoka wilaya yetu nilikuwa peke yangu. Nilisoma kwa Kijerumani, lugha ambayo nilianza kuisikia nikiwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, na nikarudi na diploma ya mitambo ya mawasiliano. Iko ukutani hadi leo, kwenye fremu ya mninga. Dar es Salaam walinitaka, shirika moja la umma likanipa nyumba yenye maji ya bomba. Nilikaa kiasi, nikarudi nyumbani. Watu walisema nimerogwa. Nilirudi kwa sababu vita vya pili vya Msumbiji, vya wao kwa wao, vilikuwa vinawamwaga ndugu zetu upande huu wa mto, na ofisi ya misaada ilikuwa imefunguliwa Masasi ikitafuta mtu anayejua kompyuta. Kusini nzima mtu huyo alikuwa mimi.

Kompyuta yenyewe ilitoka kwa wafadhili. Ilikuwa imeshatumika kwao mpaka wakaichoka: kioo cha maandishi ya kijani, kelele kama jiko la mchina, na inakula umeme wa jenereta. Pamoja nayo ilikuja printa ya sindano, ile inayogonga utepe wa wino mpaka meza inatikisika. Vilikuwa havijawahi kukutana vitu vile viwili. Kompyuta ilitoka nchi moja, printa nchi nyingine, na waya wa kuviunganisha sijui ulitoka wapi.

Bosi wangu alikuwa Mratibu, mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi sikioni. Siku niliyoviunganisha mara ya kwanza alisimama nyuma yangu. Printa ikatema alama za dola na mishale.

"Fundi, hicho ni Kijerumani?"

"Hapana, Bwana Mratibu. Hazijakubaliana mwendo."

Nyuma ya printa, chini ya kifuniko kidogo, kulikuwa na swichi nane ndogo kama punje za mchele. Nilizigeuza kwa ncha ya kalamu, moja juu, moja chini, huku nikiandika amri kwenye kompyuta, mpaka pande zote mbili zikakubaliana. Jina langu likatoka safi, na Mratibu akanishika mkono kama mtu aliyepata mtoto.

Lakini waya ule ulikuwa na ugonjwa. Ulikuwa na nyuzi tatu: wa kutuma, wa kupokea, na wa ardhi. Uzi wa nne haukuwemo, na huo ndio printa huutumia kuiambia kompyuta "ngoja." Printa ina tumbo, kumbukumbu ndogo ya kushikilia maneno wakati sindano zinagonga. Tumbo likijaa na hakuna wa kusema ngoja, kompyuta inaendelea kumimina, na yote yanayofika wakati huo yanamwagika. Hakuna kengele inayolia wala taa inayowaka. Printa inaendelea tu na maneno yanayoikuta ikiwa na nafasi.

"Niruhusu niukate huu waya niuongeze uzi," nikamwambia Mratibu.

"Mali ya wafadhili, Fundi. Tukiikata bila kibali nitajibu nini?"

"Basi tutaenda mwendo wa chini kabisa, wa alama mia tatu kwa sekunde. Hapo sindano zinawahi, tumbo halijai. Ila tutangoja sana."

"Tutangoja," akasema. Tukaomba kibali na tukaagiza waya mwingine Dar es Salaam. Miaka ile hata sabuni ilikuwa inaagizwa ikasahauliwa.

Kazi ya mashine zile ilikuwa kuchapa majina ya wakimbizi ili yasomwe uwanjani siku za kuwahamishia makazi mapya, magharibi, mbele ya Tunduru, mbali na mpaka. Majina yalichapwa kwa herufi, kila herufi peke yake, kisha unabonyeza, unapanga karatasi, inakuja nyingine. Makarani wa kuandikisha walikuwa vijana wa hapa hapa, Wamakua, Wayao na Wamakonde, wenye adabu zao. Na kwetu hakuna mtu mwenye adabu anayemwuliza mwanamke mwenye watoto jina lake la kuzaliwa. Unamwuliza, "Mama nani?" Naye anakujibu. Kwa hiyo watoto walikuwa chini ya herufi zao, wanaume chini ya zao, mabibi chini ya B. Mama zao wote walikuwa chini ya M. Herufi nyingine zilikuwa kurasa mbili, kurasa tatu. M ilikuwa ikitoka kwenye printa mpaka inakunjika sakafuni kama kanga ndefu.

Kati ya akina mama hao alikuwapo mmoja aliyezoea kibaraza cha ofisi yetu, Mama Tadei. Alivuka mto bila mume, na mumewe hatukumwuliza alipo. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na mwanawe Tadei alikuwa bado ananyonya, mtoto mkubwa wa kutosha kutembea lakini hajaachishwa. Alikuwa akinisikia nagombana na printa kutoka dirishani.

"Baba Skola," aliniita, maana binti yangu wa kwanza ni Skolastika, "leo imekula au imegoma?"

"Imekula."

"Basi usiishibishe ikalala."

Siku moja redio ya kituo cha mapokezi Newala ikafa, nikapanda mlimani kuitengeneza. Nilipokuwa huko, malori yalifika Masasi kabla ya siku iliyotazamiwa. Dizeli ilikuwa imepatikana kwa bahati na madereva wakasema mawingu ya upande wa Tunduru yameshakuwa meusi, wasipoondoka asubuhi hawaondoki tena. Majina yalikuwa hayajachapwa. Kwa mwendo wa mia tatu yasingemalizika. Mratibu alikuwa amenitazama mara nyingi nikigeuza zile swichi. Akachukua kalamu, akazigeuza, akaandika amri upande wa kompyuta, akapandisha mwendo hadi elfu tisa na mia sita, wa juu kabisa. Akajaribu na herufi ya A. Ilitoka safi, haraka, bila kasoro. Akaendelea mpaka Z.

Nilirudi mchana wa siku iliyofuata, nikiwa na vumbi jekundu hadi kwenye kope. Uwanjani malori hayapo. Walikuwepo wanawake, wengi, wameketi juu ya mafurushi yao, na Karani Msomaji, kijana Myao, amesimama katikati yao na karatasi, jasho linamtoka.

"Wewe Myao," mwanamke mmoja alikuwa anampigia kelele, "kama hujui kusoma sema, tukuitie mbuzi!"

"Mama, nasoma kilichopo!"

"Kilichopo sisi! Tupo hapa, tutazame!"

Wengine walicheka, kicheko cha watu waliochoka. Mama Tadei hakucheka. Alinyanyuka akanijia.

"Shikamoo, Baba Skola."

"Marahaba. Malori yameondoka?"

"Yameondoka na mwanangu."

Tadei alikuwa na surua. Muuguzi aliamua watoto wa surua wapande lori la mbele, lenye turubai, wasichanganyike na wengine, na mama zao wawafuate kwenye malori ya nyuma wakishasomwa. Watoto hao wakasomwa kwanza; Tadei alisomwa, chini ya T, akabebwa. Kisha ikaja M, na asiyesomwa hapandi.

"Nilisema nipo kabla hawajanifikia," Mama Tadei akaniambia. "Niliogopa wasinipite. Wakanipita."

Nilimnyang'anya Karani karatasi. Kurasa za kwanza za M zilikuwa nzima. Halafu nikaona mshono. Mstari mmoja ulianza na Mama Felista, na kijiji chake kikaanzia katikati ya neno, kijiji cha mwanamke mwingine kabisa, na idadi ya watoto ya huyo mwingine. Mtu kama huyo hajazaliwa. Kati ya nusu ya kwanza na nusu ya pili ya mstari ule walikuwa wamemwagika wanawake wa ukurasa mzima. Chini yake mistari michache mizima, halafu mshono mwingine. Ilikuwa hivyo hadi mwisho.

Mratibu nilimkuta ofisini, anakunywa maji.

"Nilijaribu kwanza," akasema kabla sijafungua mdomo. "A ilitoka safi, Fundi. Umeiona A?"

"A ni fupi, Bwana Mratibu. Inaenea tumboni yote. Hata T inaenea. M haienei."

Nikamwonyesha mshono. Aliutazama muda mrefu, akavua miwani, akaifuta, akautazama tena. Sikumgombeza. Alitaka watu wawahi mvua, na kweli mvua ilikuwa inakuja. Alifungua droo, akatoa kisu cha kufungulia bahasha, akaniwekea mezani juu ya waya.

"Kata," akasema.

"Na wafadhili?"

"Nimesema kata."

Niliukata waya ule, nikatoa uzi kwenye redio mbovu, nikauunga kwa risasi ya kulehemu, nikabadilisha swichi moja na amri moja. Printa ikaanza kusema ngoja na kompyuta ikaanza kungoja. Kabla ya jioni M ilikuwa imetoka nzima, kila mama na kijiji chake. Ninaweza kusema bila woga kwamba hakuna fundi mwingine kusini aliyeweza kazi ile kwa vifaa vile. Nikampelekea Mama Tadei ukurasa wake. Hakujua kusoma. Nikamwekea kidole juu ya jina.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe."

"Na lori?"

Lori halikuwapo. Mvua ilianza wiki ile ile, daraja likaondoka na maji, na makazi mapya yalikuwa bado hayana redio. Redio ya kule ilikuwa kwenye boksi, ofisini kwangu, ikisubiri mimi niende kuifunga. Masika yote Mama Tadei alikuja kibarazani. Hakuuliza tena habari za printa. Aliuliza, "Njia?" Nami nikamjibu, "Bado." Asubuhi za mwanzo niliona kifua cha gauni lake kimelowa. Akajikamulia chini ya mkorosho wa uani, akafukia kwa mguu. Baadaye gauni likawa kavu.

"Maziwa yamekwenda, Baba Skola," akaniambia, kama anayetoa taarifa ya mgeni aliyeaga.

Mke wangu alimletea uji, akanywa kidogo. Mratibu alikuwa akipita mlango wa nyuma ili asimkute.

Njia ilipofunguka, Mratibu alinituma na lori la kwanza nikafunge redio, pamoja na kompyuta ya pili na printa yake. Mama Tadei alipanda na wenzake, na safari nzima alishikilia kikombe cha bati cha mwanawe. Tulifika mchana. Meza ya mapokezi ilikuwa chini ya turubai, na Karani wa Makazi, mtu wa Songea, mpole, akaanza kuwaandika.

"Karibu, mama. Mama nani?"

"Mama Tadei."

Akafunua karatasi zake, akakunja uso. "Mama Tadei yupo. Nimeshamwandika, yeye na mtoto wake mmoja."

"Mimi ndiye Mama Tadei."

"Labda Tadei mwingine, mama. Ngoja tumwite."

Akaja mwanamke mnene kidogo, mwenye mabega ya kulima, na mtoto mgongoni kwenye kanga. Tadei alikuwa amepona. Alikuwa amenenepa mashavu. Yule mwanamke alipomwona Mama Tadei alisimama mbali, na nadhani alijua mara moja, kwa sababu mikono yake ilirudi nyuma ikamshika mtoto.

Mama Tadei alimwita mwanawe kwa Chimakonde, kwa sauti ya kawaida ya kumwamsha mtoto. Tadei akamtazama. Alimtazama vizuri, kwa utulivu, kama unavyomtazama mgeni aliyeingia nyumbani kwenu. Kisha akaficha uso kwenye shingo ya yule aliyembeba.

"Muuguzi alinipa yeye," mwanamke yule akasema. "Alikuwa analia, hana mtu. Mimi nilikuwa nimefika bila mtu. Wakawa wananiita Mama Tadei, nikaitika."

"Umemlisha nini?"

"Uji. Na alikuwa anataka ziwa, dada yangu, nikampa langu. Halikuwa na kitu. Alinyonya hivyo hivyo."

"Asante," Mama Tadei akasema. Akasema tena, "Asante."

Mwanamke akafungua fundo la kanga. Hakuharakisha, wala hakuchelewesha. Akamtoa mtoto akampa mama yake, na Tadei akaanza kupiga kelele, akarusha mikono kwa yule aliyemtoa. Mama yake alimshika tu. Akamshika huku anapigwa ngumi kifuani, anaangalia juu ya kichwa chake, mpaka mtoto akachoka.

Karani alisubiri kwa heshima, kisha kazi ikamlazimu. Mgao ulitoka kwa majina. Asiye na jina hali.

"Sasa wewe, mama," akamwambia yule mwingine, "nikuandike mama nani?"

"Nilikuwa Mama Simoni. Simoni alibaki mtoni."

"Basi nikuandike Mama Simoni."

"Hapana, baba. Msimwite mwanangu mbele za watu kila mwezi, naye hatakuja." Akafikiri. "Andika Mama."

Karani akanigeukia mimi niliyekuwa nimeshafungua boksi la kompyuta. "Fundi, itakubali?"

"Itakubali," nikasema. Nikaandika mwenyewe neno hilo moja, na nafasi ya jina nikaiacha wazi. Nilipochapa, mashine, ambayo hupanga majina kwa herufi zake, ilimtanguliza mbele ya akina mama wote, kwa sababu kisicho na kitu huja kabla ya kitu. Kila mgao akina mama wa M walianza na yeye. Karani alisoma, "Mama," yule mwanamke akaitika, akapokea unga wake. Mara nyingi Mama Tadei alikuwa kando yake, na Tadei katikati, ameshika kanga mbili.

Nilitumikia makazi yale mpaka amani ilipopatikana kwao na wakarudi, lori moja moja. Mratibu alistaafu kabla yangu, akarudi Bukoba. Hatukuzungumza habari za M tena. Mimi nilimaliza utumishi wangu Masasi nikiwa mkuu wa mitambo, na cheti cha utumishi mrefu, nikarudi Makote ambako nimejenga nyumba ya bati yenye veranda mbili. Wajukuu zangu wanachapa kutoka kwenye simu. Hakuna waya, hakuna swichi, mashine zinakubaliana zenyewe bila kumwuliza mtu. Nikiwaeleza habari za mwendo na tumbo la printa wananisikiliza kwa adabu, macho yakiwa kwenye simu. Sina kinyongo. Tuliifanya kazi ilipokuwa ngumu, na tuliifanya vizuri.

Msimu wa korosho watu wa Mueda, ng'ambo ya mto, huvuka kuja kuuza na kununua, na wengine hupita kwangu kuomba maji. Nimewauliza habari za Mama Tadei, na mmoja aliwahi kuniambia kwamba Tadei ni dereva sasa, ana watoto. Nilifurahi. Nikauliza na habari za yule mwingine. Wakanitaka jina, nikawaambia nililonalo.

"Mzee," wakasema, "mama yupi?"